Manyuali au otomatiki: ujifunzie udereva gari lipi?

Ukijiandikisha shule ya udereva Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu, kuna uwezekano mkubwa utafundishiwa Corolla ya zamani yenye pedali tatu. Ukishapata leseni, gari unalokabidhiwa nyumbani ni IST, Vitz, Passo, Note au Noah, na lina pedali mbili. Kati ya gari la kwanza na la pili hakuna anayekufundisha chochote. Wapo pia waliojifunzia otomatiki tangu siku ya kwanza, wakapata leseni vizuri, kisha ikaja kazi ya kuendesha Hilux ya mradi au Canter ya duka la vifaa vya ujenzi, na wakashindwa hata kuitoa getini.

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye bado hajalipa ada, au amelipa na anajiuliza kama amechagua sawasawa. Vigezo ni vitano: leseni inakuruhusu kuendesha nini, ugumu na muda wa kujifunza, tabia ya gari kwenye foleni, kilima, mteremko na tope, gharama ya mafuta na ya karakana, na magari yatakayokuwa barabarani miaka ijayo.

Tukisema manyuali tunamaanisha gari lenye klachi na gia za kupanga kwa mkono. Otomatiki inabeba aina tatu ambazo watu huzichanganya: giaboksi ya kawaida yenye tokikonveta (chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi), kama ya IST yenye gia nne; CVT, ambayo haina gia za meno bali mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili, kama ya Note na Vitz nyingi, na haibridi (petroli na umeme pamoja) kama Aqua na Prius. Kwa dereva zote zina pedali mbili. Kwa fundi ni vitu vitatu tofauti.

Leseni

Kenya imeliweka jambo hili wazi. Daraja B1 ni la gari dogo la otomatiki peke yake. B2 ni la gari dogo la manyuali, na mwenye B2 anaendesha otomatiki pia. Mwenye B1 akishika usukani wa gari la klachi, kisheria ni sawa na mtu asiye na leseni ya gari hilo. Akigonga, kampuni ya bima inayo sababu ya kukataa kulipa.

Tanzania, daraja D ni la gari binafsi, E ni la magari ya biashara, na C ni la magari ya abiria. Anayelenga E au C atakutana na klachi tu, kwa sababu Canter, Fuso, Coaster, Rosa na HiAce nyingi zilizopo kazini ni za manyuali. Hata kozi za madereva wa abiria, kama zile za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), zinamkuta mtu aliyezoea klachi akiwa ameshavuka nusu ya kazi.

Nje ya Afrika Mashariki kanuni inafanana na ya Kenya. Uingereza na Falme za Kiarabu, ukifanya mtihani kwa otomatiki unapewa leseni ya otomatiki tu, na ukitaka manyuali unarudi kwenye mtihani. Ujerumani imepata njia ya kati tangu Aprili 2021: mwanafunzi anasoma angalau vipindi 10 vya dakika 45 kwenye gari la klachi, shule inampima yenyewe, kisha anafanya mtihani wa serikali kwa otomatiki na leseni inamruhusu yote mawili. Ni utaratibu ambao shule zetu zingeweza kuuiga kesho asubuhi bila kusubiri sheria: mwanafunzi apewe magari yote mawili, achague moja la mtihani.

Kujifunza manyuali

Saa za mwanzo zote zinaishia miguuni. Mwanafunzi anasikiliza injini, anatafuta mahali klachi inapoanza kushika, huku mwalimu akimwambia aangalie kioo ambacho hana nafasi ya kukiangalia. Ndiyo maana zoezi la kwanza lisiwe barabarani. Kwenye uwanja tambarare, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta kabisa, achia klachi polepole mpaka gari lijongee lenyewe, kisha kanyaga tena na usimame. Rudia kwa nusu saa. Anayefanya zoezi hili kwa subira huacha kuzimisha gari mapema kuliko anayepelekwa barabarani siku ya kwanza.

Baada ya hapo ni kupanga gia. Kwa gari dogo la petroli, gia ya pili inaingia kwenye kilomita 15 hadi 20 kwa saa, ya tatu kwenye 30 hadi 40, ya nne karibu na 50, ya tano ukishapita 65. Kama gari lina mshale wa mizunguko ya injini, kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika panatosha. Ukipangua kurudi chini, tumia breki kwanza, kisha gia. Usitumie gia kama breki mjini, sahani ya klachi ni ghali kuliko pedi za breki.

Mlima ndipo wengi wanapofeli. Utaratibu ni huu: hendibreki juu, klachi chini, gia ya kwanza. Ongeza mafuta mpaka mizunguko ifike kama 1,500 hadi 2,000 na uishikilie hapo. Achia klachi polepole mpaka usikie sauti ya injini inazama na pua ya gari inanyanyuka kidogo. Shusha hendibreki. Gari likisimama palepale bila kurudi nyuma, umebalansi. Ongeza mafuta na umalizie kuachia klachi. Likirudi nyuma, uliwahi kushusha hendibreki. Likizima, uliwahi kuachia klachi. Hakuna sababu ya tatu kwenye gari zima.

Tabia mbaya huingia hapa na kukaa maisha: kuegemeza mguu kwenye klachi wakati gari linatembea, jambo linalokula rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie), kushikilia gari kilimani kwa klachi badala ya breki, mpaka harufu ya kuungua iingie ndani, na kuangalia gia kila unapoipanga. Mwalimu mzuri huzikata wiki ya kwanza.

Kujifunza otomatiki

Hapa macho yanakuwa huru mapema. Mwanafunzi anaweza kufundishwa vioo, umbali, alama na mzunguko wa barabara tangu saa ya pili, na huo ndio udereva wenyewe. Mwenye hofu ya gari kuzima katikati ya makutano huku daladala nyuma inapiga honi hupata utulivu ambao manyuali ingechelewa kumpa. Mtu mwenye goti bovu, au asiyeweza kutumia mguu wa kushoto, njia yake ni hii.

Lakini wepesi huo unazidanganya shule nyingi. Zinadhani hakuna la kufundisha, kumbe lipo.

Kwanza, herufi. P ni ya kuegesha, R kurudi nyuma, N ni fri (bila gia), D kwenda. Zile zinazofuata, 2 na L, au S, au B, watu wengi huziishi miaka bila kuzigusa, na zina kazi kubwa tutakayoiona kwenye mteremko. Kutoka D kwenda R, au R kwenda D, gari lazima liwe limesimama kabisa na mguu uko kwenye breki. Ukibadili gari likiwa bado linabingirika, unachakaza giaboksi taratibu na utakuja kulaumu fundi.

Pili, kuegesha kwenye mwinuko. Wengi hutia P, wanaachia breki, gari linayumba kidogo na kutulia, kisha wanavuta hendibreki. Hapo uzito wote wa gari umening'inia kwenye kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Ndiyo ule mlio wa "tak!" unaousikia ukitoa P asubuhi. Mpangilio sahihi: simama kwa breki, tia N, vuta hendibreki, achia breki ya mguu ili gari lilale kwenye hendibreki, kanyaga tena breki, ndipo utie P.

Tatu, na hili ndilo hatari kuliko yote, kukosea pedali. Dereva anarudi nyuma, amegeuza kiuno, mguu umehama bila yeye kujua, anakanyaga mafuta akidhani ni breki. Gari linaruka, anashtuka, anakanyaga zaidi. Manyuali ina kinga yake hapa, maana mtu akishtuka hukanyaga klachi na injini inaachana na magurudumu. Otomatiki haina kinga hiyo. Dawa ni nidhamu ya kisigino: kisigino cha kulia kikae sakafuni usawa wa breki, vidole ndivyo vigeuke kwenda kwenye mafuta. Unapoegesha, gari liende kwa nguvu yake ya kujongea tu na mguu ubaki juu ya breki.

Kuvuka kutoka gari moja kwenda jingine

Aliyetoka manyuali kwenda otomatiki anadhani ameshuka ngazi. Tatizo lake ni mguu wa kushoto. Akikaribia kusimama, mguu unakwenda kutafuta klachi, unakuta breki pana, unaikanyaga mpaka mwisho kwa nguvu iliyozoea klachi. Gari linasimama ghafla na bodaboda iliyo nyuma inaingia kwenye buti. Saa nzima ya kwanza ifanyikie uwanjani: mguu wa kushoto uvutwe nyuma, usimame na kuondoka mara nyingi mpaka mguu usahau. Azoee pia kwamba ukikanyaga mafuta yote ili kulipita lori, giaboksi huchelewa kidogo kabla ya kushuka gia. Nafasi uliyoipima kwa mazoea ya manyuali inaweza isitoshe.

Aliyetoka otomatiki kwenda manyuali tayari anajua barabara, kwa hiyo anachojifunza ni klachi peke yake. Vipindi vichache vya uwanja, vikifuatiwa na kilima, kwa kawaida vinamtosha. Asije akaanza navyo kwenye foleni.

Foleni, kilima, mteremko na tope

Kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro jioni, au Mombasa Road ikiwa imeziba, otomatiki haina mshindani. Klachi inayokanyagwa mamia ya mara inachosha goti, na dereva aliyechoka hubaki amebonyeza nusu, ndipo sahani inapoungua.

Kilimani, otomatiki hurahisisha kuondoka, ila mwinuko ukiwa mkali nayo hurudi nyuma. Shikilia kwa breki, usiishikilie kwa mafuta. Joto linalozalishwa linapika oili ya giaboksi.

Mteremko unahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa kutojua kunaua. Fikiria Kitonga unaposhuka kutoka Iringa, au ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Dereva anayeshuka kwa breki ya mguu peke yake anazipasha moto pedi na oili ya breki. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri inavyozeeka, na ikipata joto kali maji yale huchemka na kutoa mapovu. Pedali inazama mpaka sakafuni na hakuna kitu. Njia ni kuacha injini ilizuie gari. Kwenye manyuali, ingiza gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko kuanza. Kanuni ya madereva wa malori ni kushuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Kwenye IST, zima O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa), na panapokuwa pakali zaidi weka 2. Kwenye CVT weka S, L au B kadiri gari lako lilivyoandikwa. Kwenye Aqua na Prius weka B. Breki ya mguu ikanyagwe kwa vipindi, unapunguza mwendo kisha unaachia ipoe.

Kwa hiyo dai kwamba otomatiki "haishuki milima" si la kweli. Inashuka vizuri kwa dereva aliyefundishwa herufi zile. Manyuali nayo haimwokoi anayetia fri ili kuokoa mafuta. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, imepata jina baya kwa malori yaliyoshuka hivyo. Na hayo mafuta hayaokolewi: injini za kisasa zikisukumwa na magurudumu huku umeachia pedali, hukata petroli kabisa, wakati kwenye fri lazima iendelee kuunguza ili isizime.

Kwenye tope manyuali ina nafuu kidogo: unaondoka kwa gia ya pili ili magurudumu yasizunguke bure, na betri ikifa unaweza kusukumwa gari likawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Beba nyaya za kuunganishia betri.

Mafuta na karakana

Sifa ya manyuali ya kula mafuta kidogo ilikuwa ya kweli enzi za otomatiki za gia tatu na nne. CVT na haibridi zimeifuta. Aqua kwenye foleni ya mji inatumia mafuta kidogo kuliko manyuali yoyote ya petroli ya ukubwa wake. Ukilinganisha na otomatiki ya gia nne, manyuali bado inaongoza kidogo, mradi dereva anajua kupanga gia mapema.

Karakana ndiyo penye tofauti kubwa. Manyuali ina kitu kinachochakaa kwa hakika, nacho ni klachi: sahani, presha pleti na rilizi beringi. Hubadilishwa vyote vitatu pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kushusha giaboksi na hakuna haja ya kuishusha mara mbili. Kuipima ni rahisi: gari limesimama, hendibreki imekaza vizuri, tia gia ya nne, ongeza mafuta kidogo na uachie klachi. Injini ikizima, sahani bado inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Oili yake ni kama lita 2 kwa gari dogo, na fundi wa kuifungua utampata hadi Tunduma au Lodwar.

Otomatiki haina klachi ya kubadilisha kila baada ya miaka kadhaa, na ikitunzwa hukaa muda mrefu sana. Ikiharibika, bili ni nzito, na mara nyingi suluhisho ni kununua giaboksi ya mtumba ambayo historia yake huijui. Chanzo kikubwa ni oili. CVT inataka oili ya CVT iliyotajwa na mtengenezaji. Ukiiwekea ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida, mkanda unateleza kwenye puli, gari linaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, kisha linavuma. Fundi akikuambia "oili zote za otomatiki ni moja", ondoka. Mafundi waangalifu hubadili kati ya kilomita 40,000 na 60,000. Kwenye gari dogo la tokikonveta, ukifungua nati ya chini hutoka takriban lita 3 tu. Nyingine inabaki ndani, ndiyo maana wengine hurudia baada ya muda mfupi ili kuisafisha yote.

Jambo jingine linalogharimu watu: kuvuta otomatiki iliyozima. Pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima na magurudumu yanayoendeshwa yanazunguka chini, giaboksi inasagika kavu. Inua magurudumu yanayoendeshwa, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya mbele, na kama ni ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ipandishe gari zima juu ya brekidauni. Manyuali ukiitia fri inavutika kwa kamba bila taabu hiyo.

Magari yajayo

Magari yetu ya mtumba hutoka Japani, na Japani ina leseni ya otomatiki pekee tangu 1991. Tangu Aprili 2025 mafunzo yake ya msingi yamehamishiwa otomatiki, na manyuali imekuwa nyongeza. Kinachonunuliwa kule leo ndicho kitakachoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa baada ya miaka, kwa hiyo gari dogo la familia lenye klachi litazidi kuwa adimu.

Gari la umeme halina klachi kabisa. Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanabeba abiria Nairobi tangu 2022, na Uganda, Kiira Motors inatengeneza basi la umeme la Kayoola. Hata malori mapya ya Ulaya, kama Volvo yenye I-Shift au Scania yenye Opticruise, yanapanga gia yenyewe.

Hata hivyo chombo cha kazi hakifi haraka huku kwetu. Canter hufufuliwa injini, hubadilishwa bodi, na kuendelea kubeba mchanga. Land Cruiser za hifadhini, Kirikuu (pikapu ndogo) za sokoni na HiAce za kwenda wilayani zitaendelea kudai klachi kwa muda mrefu baada ya mitaa ya Masaki, Dar es Salaam, na Kilimani, Nairobi, kuisahau.

Uchague kulingana na hali yako

Ukitaka udereva uwe ajira, iwe lori, abiria, mradi, mbuga au kampuni ya ulinzi, jifunzie manyuali. Kenya omba B2 moja kwa moja. Kisha lipia angalau vipindi viwili vya otomatiki, kwa sababu gari la bosi litakuwa hilo.

Kama gari ni la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, lipo tayari nyumbani na ni otomatiki, na huna mpango wa kuendesha jingine, jifunzie otomatiki na utumie saa ulizookoa kwenye usiku, mvua na barabara kuu. Mwambie mwalimu akupeleke kwenye mteremko mrefu na uitumie ile 2 au B mbele yake.

Kijana wa miaka 18 ambaye hajui maisha yatampeleka wapi ana sababu ya kuanza na manyuali akiwa ana muda. Lakini akishafeli kilima mara kadhaa mpaka anaogopa gari, abadilishe, apate utulivu kwa otomatiki, na arudi kwenye klachi baadaye.

Mwenye maumivu ya goti au nyonga, au ulemavu wa mguu wa kushoto, achukue otomatiki bila kusikiliza wanaosema si udereva kamili. Kenya lipo pia daraja F kwa ajili ya watu wenye ulemavu; aulize mapema gari linahitaji kufungwa vifaa gani.

Anayepanga kwenda kuishi Uingereza au Ghuba aulize kwanza mtihani wa huko unafanywaje, kwa kuwa aina ya gari atakalolifanyia ndiyo itakayoandikwa kwenye leseni mpya.

Na kabla ya kulipa, uliza shule mambo matatu: gari la mafunzo ni aina gani, ndilo litakalotumika kwenye mtihani, na je, kuna la aina ya pili. Omba pia kuliona likiwaka. Klachi inayoshika juu kabisa au gia ya pili inayokwaruza itakufanya udhani kosa ni lako.